Chale

Maji ya mfereji hapa Pangani huja Jumatano
na, yakiona vyema, Jumamosi.
Mimi nimeweka bahari ghorofa ya nne.

Mama Mwikali alinikuta ngazini, ndoo kichwani:
"Hao samaki wako, baba, wanachangia kodi?"
Nikacheka. Nilikuwa na mtungi wa lita ishirini begani
na mfuko wa chumvi kwapani, si ya mchuzi,
ile ya kutengenezea bahari. Naipima
kwa mizani ya jikoni aliyoiacha Kageha,
gramu thelathini na tano kwa kila lita,
nakoroga kwa mwiko uliokuwa wa uji.

Mideva ndiye aliyetaka. Ana miaka tisa.
Aliona picha ukutani kwa daktari wa meno,
samaki wa rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe,
akaniuliza jina. Nikamwambia, chale,
kama yule wa kuchekesha watu.
"Au kama chale za bibi?"
Maana bibi yake, kule Mbale,
ana mistari mitatu chini ya shingo,
alichanjwa utotoni, dawa ikasuguliwa ndani,
baya likija likose mlango.

Sikuwa na jibu. Neno ni hilo hilo moja.

Tukanunua wawili, jike na dume,
na anemoni wa rangi ya chai ya maziwa,
ncha za vidole zambarau.
Mwenye duka akasema: usimshike mkono mtupu, anachoma.
Usimpangie pa kukaa.
Akasema pia, akifunga mfuko kwa mpira,
kwamba jike akifa, dume hugeuka,
anakuwa yeye mama.
Mideva alinitazama. Mimi nilitazama risiti.

Anemoni hakutulia. Mguu mmoja, ukaidi wa punda.
Jumatatu jiweni, Alhamisi kiooni,
Jumapili nikamkuta nusu inchi
kutoka mdomo wa pampu.
Nikaizima, nikakaa sakafuni hadi alfajiri
nikimlinda asiye na macho ya kuniona.
Na chale wetu? Walilala pembeni, karibu na hita,
wiki ya kwanza, ya pili, ya tano,
wamempa mgongo
kama jamaa wanaodaiana, wamekutana matangani.

Mideva akampigia bibi simu.
Bibi akacheka, akakohoa:
"Hata sisi hatukuchanjwa siku moja.
Kidogo, unapona. Kidogo tena."

Julai, baridi ya kupasua midomo,
stima ikapotea saa tatu usiku.
Pampu kimya. Hita kimya.
Nikatoa kabatini blanketi la Kageha, la samawati,
nililolikunja Machi ya mwaka juzi,
nikafunika kioo pande tatu.
Nikachota maji kwa kikombe, nikamwaga kutoka juu
yapate hewa, nikachota, nikamwaga,
Mideva akishika kurunzi.
Kufikia saa nane mkono si wangu tena.
"Baba," akanong'ona. "Usimwage. Tazama."

Yule mdogo, dume, alikuwa amesogea.
Akagusisha mkia, akaruka nyuma
kama aliyeshika sufuria bila kitambaa.
Akarudi. Akagusisha ubavu. Akaruka.
Akarudi.
Sijui mara ngapi; kurunzi ilikuwa inafifia
na kikombe kimesahaulika mkononi.
Kisha akazama mzima, vidole vikamfumba,
ukabaki uso tu,
kama mtoto anayechungulia kutoka mbeleko.
Yule mkubwa alibaki kwenye hita iliyopoa.
Huyo alikuja Ijumaa.

Stima ilirudi saa kumi na moja na nusu,
friji ikashtuka, jirani akapiga vigelegele.
Basi la shule huja saa kumi na mbili na dakika kumi.
Nikamketisha Mideva kati ya magoti,
kitana, mafuta ya nazi, mkono bado una ganzi,
nikamsuka mistari mitatu.
Ule wa kati ulipinda.
Akajipapasa, akajitazama kwenye kioo cha samaki.
"Inauma kidogo," akasema,
akachukua mkoba, akaenda hivyo hivyo.