Usingizi wa Pono

Miaka thelathini na moja najaza hewa mitungi ya watu wengine.
Kompresa inakohoa nyuma ya banda,
mshale wa geji unapanda, mia mbili, nafunga koki,
nagonga mtungi ubavuni kama anayechagua tikiti sokoni,
naita: unaofuata!

Wanakuja Bonaire kutoka Utrecht, Osaka, Toronto.
Wanasoma majina ya miamba kwenye mawe ya njano kando ya barabara,
wanawapigia honi punda waliolala njiani,
wanaingia majini kinyumenyume, kwa ajili ya mapezi,
kama watu wanaoaga.
Saa moja baadaye wanarudi macho yakiwaka,
wananisimulia kisiwa changu.
Mimi huitikia tu. Ehe. Kweli? Mkubwa hivyo?
Sikuwahi kuzama hata futi tano.
Baba yangu alikuwa kibarua wa chumvi; kwake bahari
ilikuwa kitu cha kuanikwa kikauke.

Tangu tumzike Ubaldina, silali.
Nahesabu mizunguko ya pangaboi. Namhesabu jogoo wa jirani,
ambaye naye hajui saa.
Binti yetu Shurnela kazi yake ni kupanda matumbawe,
vijiti vilivyotundikwa kwenye mti wa bomba la plastiki
kama nguo za mtoto mchanga kambani.
Akaniambia: Baba, twende nikuonyeshe anayejua kulala.

Alinivika mwenyewe. Mkanda wa risasi, miwani, tochi.
Mtungi niliujaza mimi, na kwa mara ya kwanza
nikaukagua mara mbili.

Chini hakuna kimya, wamenidanganya wote.
Kuna kitu kinatatarika kama mafuta yaliyodondokewa na maji,
na kuna mimi, navuta pumzi kama msumeno.
Tochi inamega giza kipande kidogo, cha kushiba mtu mmoja:
mkunga anafumbua mdomo, anafumba, hana neno,
kambakoche ananyoosha sharubu zake,
tumbawe lina doa jeupe la ugonjwa.
Hapo Shurnela aliangalia, akapita haraka,
kama tunavyoupita hadi leo mlango wa ile wodi.

Kisha akanishika kiwiko.

Ndani ya ufa, pono.
Yule yule anayeshinda akitafuna mawe
na kunya mchanga, huu huu mchanga mweupe
ambao wageni wanaupiga picha na kuutia chupani.
Amelala. Amejifumia chandarua cha ute
kutoka kinywani mwake, chembamba, kinapumua,
chembe zimenata juu yake kama makombo kwenye shuka.
Macho wazi, maana samaki hana kope,
lakini mwenyewe hayupo.
Hakumngoja mtu wa kumtandikia.
Ametandika kwa mate.

Nilitaka kumuuliza jambo. Kinywa kilikuwa kimejaa mpira.
Nikalia ndani ya miwani, na hilo sikushauri:
machozi hayana pa kwenda,
yanakaa pale pale chini ya jicho, yanakutazama.

Mshale ukaingia kwenye nyekundu. Dakika ishirini na mbili.
Kuna bibi wa Utrecht, umri wake miaka sabini na nne,
huo mtungi mmoja humtosha saa nzima na ushee.
Shurnela alicheka mapovu mpaka tukaibuka.
"Baba! Umekunywa hewa kama ya kukopa!"

Asubuhi wageni kumi na mmoja walipanga foleni,
mitungi mitupu juani, kompresa baridi,
punda mmoja ananusa bomba.
Waligonga mlango. Wakagonga dirisha.
Jogoo naye akasema yake.
Shurnela akatoka na kikombe cha kahawa,
akawaambia kwa Kiholanzi, kisha kwa Kipapiamentu,
mwisho kwa mikono, kama tunavyosema kule chini:
kaeni. Subirini.

Haya nimesimuliwa.
Mimi sikuwepo.