Inchi Tano

Bjarke alizipanga mezani kama sahani za wageni:
ya inchi kumi na tano, ya kumi na moja,
ile yenye umbo la yai,
na pembeni kabisa, karibu ianguke, ya inchi tano,
nyeusi, duara, sawa na kifuniko cha sufuria ya maziwa.

"Hiyo ni ya watoto," akasema kaka yangu Vagn,
ambaye sikumwalika dukani.
"Kubwa hushuka chini. Kubwa humaliza shamba
kabla ya chakula cha mchana."
Sikubisha. Vagn ana mashamba ya kumaliza,
ana miguu mirefu na sauti inayomtangulia,
na dirishani jikoni kwake zimejipanga
sarafu kumi na nne ambazo jumba la makumbusho halikuzitaka.

Mimi nina ua wa mhunzi.

Hatua arobaini kwa ishirini, nyuma ya zizi,
mahali ambapo wahunzi watano, mwana akimrithi baba,
waligonga chuma hadi tanuri lilipozimwa.
Walidondosha walichodondosha:
misumari, misumari, misumari,
vipande vya viatu vya farasi,
kutu iliyosahau ilikuwa nini.
Mwaka jana nilipita pale na koili kubwa.
Ililia kama ndama aliyeachishwa ziwa,
kila hatua chuma, kila chuma kelele,
hata nikavua hedifoni nikausikiliza upepo wa Baltiki,
ambao angalau hupumua katikati ya maneno.

Kosa halikuwa la sikio.
Sahani pana husikia vyote kwa mpigo,
msumari na jirani yake na jirani wa jirani,
na aliye mpole kati yao humezwa.
Nimekaa katika mikutano ya ushirika wa maziwa
miaka thelathini na mmoja.
Naijua hali hiyo.

"Utapoteza kina," akaniambia Bjarke, mtu mwaminifu,
akanionyesha kwa kiganja: hapa, badala ya hapa.
"Na utachelewa, Gudrun. Ua ule utakula kiangazi kizima."
Nikamwuliza uzito.
Akaiweka mkononi mwangu. Bega langu la kulia,
lile ambalo daktari hulitaja kwa Kilatini,
halikusema kitu.
Nikalipa.

Sasa ni Aprili. Napiga magoti kuliko ninavyosimama.
Nafagia shibiri, nusu shibiri,
polepole, kama mtu anayepaka siagi haba
kwenye mkate mrefu.
Msumari: mguno. Kimya chembamba. Msumari: mguno.
Sikujua kwamba kati ya msumari na msumari
pana upenyo, na mtu anaweza kuingia.

Jumanne, saa nne asubuhi, manyunyu,
kati ya miguno miwili kitu kikaimba,
kifupi, juu, kama ndege aliyekatizwa.
Nikarudi. Kikaimba.
Nikazunguka robo duara, nikaja kutoka upande wa zizi. Kikaimba.
Vidole vinne chini, si zaidi,
kastabini ya shaba.
Haikuingia hata kidole changu cha mwisho.
Vishimo vyake vilipigwa kwa mkono, kimoja kimoja,
na safu ya juu imepinda,
kazi ya mtu aliyezoea nyundo nzito
akijitahidi kuwa mwepesi.

Jiwe la makaburini lina wahunzi watano, majina na miaka.
Halina mtoto wa kike hata mmoja.

Jioni Vagn akaja kuazima ngazi.
Akaiokota mezani, akaigeuza kwenye taa.
"Shaba tu," akasema.
Kisha akaijaribu kidole baada ya kidole,
ikagoma kwenye kila kucha,
na ngazi akaisahau.

Nimebakiza hatua thelathini na sita.