Kutafuta Jiko

Nilimwambia kinyozi wangu natafuta jiko.
Akazima mashine, akanitazama kwenye kioo:
"Mzee Mutinda, umri huu? Na ni nani huyo?"
Nikacheka hadi nywele zikamwagika shukani.
Jiko la stima, bwana. La kupikia.
Lile jingine nililipata mara moja tu,
tukalizika Machakos, mvua za vuli.

Ni Ndinda aliyeanza. Alikuja Jumapili
akakuta nyumba inanuka, mtungi uko wazi nusu,
na mimi sebuleni nasikiliza habari.
Hakufoka. Alifungua madirisha, moja, moja,
kisha akabandua sumaku kwenye friji,
ile ya nanasi, tuliyopewa duka la dawa.
"Baba, leta sufuria zote hapa sakafuni."

Tukapiga magoti kama wakaguzi.
Sumaku ikikamata, sufuria inafaa.
Ikiteleza, basi,
maana moto wa jiko hilo si moto, ni msukumo
unaotafuta chuma chini ya chakula
na usipokipata unanyamaza.
Kikaango cha chapati: kap! Kikashika.
Birika la harusi likashika shingo upande.
Sufuria ya Mwelu, ya alumini, ya muthokoi,
kitako kimebonyea tangu tuhamie Buruburu:
sumaku ikadondoka.
Ndinda akajaribu ubavuni. Ikadondoka.
Akajaribu kifuniko.
Hatukusemezana hadi chai.

Luthuli, Abdirashid ana majiko saba mezani.
"Hili wati elfu mbili. Hili elfu moja mia nane.
Hili la kugusa tu, hili la vitufe.
Chukua la vitufe, mzee. Kidole chenye unga
hakisikiki kwenye kioo."
Nikampenda kwa hilo.
Akalaza noti ya mia chini ya sufuria,
maji yakachemka, noti ikatoka nzima,
na mpita njia akauliza kama ilikuwa pesa halali.

Nikauliza maswali ya mstaafu:
Linakula uniti ngapi? Stima ikipotea?
Soketi zangu za mwaka themanini na tatu, zitastahimili?
"Ikipotea imepotea," akasema. "Soketi, ita fundi.
Na usipoloweka mahindi usiku, utalilia tokeni."
Kisha akatoa kisahani cha chuma
cha kuweka chini ya sufuria zilizokataliwa.
"Kinazibembelezea. Ila kinapoteza joto."
Nikakipima mkononi, nikakirudisha.
Sikutaka sufuria ile iingie kwa kuombewa
jikoni kwake.

Sasa liko kaunta, jeusi, vitufe sita.
Likiwaka linaguna kama mtu anayesoma gazeti.
Chai huchemka kabla sijapata kikombe,
maziwa yamenitoroka mara mbili.
Ukiondoa birika linalia, linalia, linajizima:
kumbukumbu ninayoikosa mimi
wameitia humo kiwandani.
Ndinda hupiga simu saa tatu usiku.
"Umezima?"
"Limejizima."
"Sawa, Baba."

Mtungi sikuuza. Nilimdanganya
kwamba Mama Achola wa nyumba ya pili ameuchukua.
Uko uani, chini ya turubai, na meko yake.
Mara moja kwa mwezi, mchana, upepo ukitulia,
huutoa. Huweka kiti mbele yake.
Redio naiacha ndani.
Juu, sufuria yenye kitako kilichobonyea,
inayumba kidogo kila ikitokota,
na mimi nautazama moto wa buluu
tangu kiberiti hadi muthokoi ulainike,
saa mbili na robo,
bila kuinuka.