Ziwa Linaonekana

Ubao wangu ulikuwa mlango wa kabati la shangazi.
Nimeupaka rangi nyeusi, nimeuegemeza ukuta wa duka la dawa
hapa Nyawera, chaki mfukoni.
Mistari mitano inaenea. Wa sita
unaliwa na mvua.

Zihindula, aliyenifunza ukomisioneri, alikuwa na katazo moja:
usiandike "nzuri". Nzuri kwa nani?
Andika vyumba vitatu. Andika duche iko ndani.
Andika maji Jumanne na Ijumaa, saa nane za usiku,
maana atakayelipa ndiye atakayeamka na bidoni,
heri ajue mapema.
Andika gari linafika mlangoni, ikiwa linafika.
Kama halifiki, andika dakika ngapi kutoka barabarani,
na hizo dakika uzitembee mwenyewe, matope yakiwepo,
ukijiwazia godoro kichwani.

Kamusi ya wenzangu nimeijua kwa miguu.
"Pametulia": hakuna njia.
"Ya kumalizia": haina paa.
"Kwa wapangaji wenye heshima": mwenye nyumba anakaa
dirisha kwa dirisha, na hulala kidogo.
"Bei inazungumzika": kuna mtu ana haraka,
usimuulize haraka ya nini.

Na kuta za mji huu nazo zinasema,
kwa rangi nyekundu, herufi za kupinda:
PASELI HII HAIUZWI.
Tangazo bora kuliko yangu yote.
Kila apitaye anasoma, anasimama, anahesabu warithi.

Jana akaniita Mama Nsimire, kule Cimpunda, mteremkoni.
Vyumba viwili, saloni, sementi chini,
ufa mmoja ukutani umezibwa juzi, bado unanuka chokaa.
Akanitoa barazani.
Ziwa lote. Lote kabisa, hadi Idjwi,
limetandikwa kama shuka la mgeni.
"Andika ziwa linaonekana," akasema.
"Watu wa mashirika wanalipia ziwa."

Nikaandika Z kwenye daftari.
Kisha sijui ni nini kilinishika mkono.
Mama, limeonekana tangu lini?

Akazungusha kitenge kiunoni, mara mbili.
"Tangu mwezi wa nne."

Hapo mbele palikuwa na nyumba ya Cishugi, fundi cherehani,
bati jekundu, juu kiasi cha kuziba kila kitu.
Usiku mmoja mvua haikuacha, na udongo ukaondoka nayo.
Cherehani ilikutwa bondeni asubuhi,
uzi bado umo kwenye tundu la sindano.
Watu walipona, wote ila mmoja,
na huyo mmoja Mama hakumtaja.

"Tuligombana miaka tisa kwa ajili ya lile bati," akasema.
"Nilimwambia ananizibia dunia."

Sasa mvua ikianza anaketi kitini na viatu miguuni.
Anataka kuhamia kwa bintiye Uvira.
Garanti ya miezi mitatu ndiyo nauli yake,
ndiyo godoro, ndiyo sufuria za huko.
Nami nalipwa mwezi mmoja kwa kila mlango ninaoufungua,
na mlango wangu mwenyewe nadaiwa miwili.

Zihindula alikufa bila kunifunza hili:
neno likiwa kweli tupu, bila chumvi hata punje,
na bado linadanganya.

Leo alfajiri nimefuta ubao kwa kiganja.

CIMPUNDA. VYUMBA 2, SALONI, SEMENTI.
BOMBA LA PAMOJA, HATUA 60.
GARANTI MIEZI 3.
ZIWA LINAONEKANA.

Nikapuliza vumbi. Nikarudi nyuma, nikasoma kama mpita njia.
Kisha nikachuchumaa, na pale mvua inapokula
nikaongeza kwa herufi ndogo:
uliza kwa nini.

Ni saa kumi sasa. Watano wamepiga simu.
Wanne wameuliza bei.