Usiondoe Mngurumo

Aliingia dukani kwangu Bondeni, Aprili, mvua ikimfuata,
amplifaya ya kanisa la mjomba wake begani kama kondoo mgonjwa.
Nekoye wa Naomi, nilisikia baadaye,
aliyeacha chuo cha ualimu muhula wa pili.
"Imekufa upande mmoja," akasema.
Nikabadilisha kapasita mbili, nikasugua swichi kwa pamba na spiriti,
nikamrudishia ikiwa kimya,
kimya safi, cha sufuria ya wageni.
Kesho yake huyo, kanuna.
"Fundi, ule mngurumo umeupeleka wapi?"

Miaka thelathini natengeneza redio,
hajatokea mtu wa kunidai kasoro yake.

Nikaurudisha. Kapasita kuukuu zilikuwa bado kwenye kopo la mafuta.
Nikaandika daftarini: Nekoye, mngurumo, mia mbili, hajalipa.

Alhamisi alipiga baa moja kwenye njia ya Njoro.
Watu wanane, wawili wamelala.
Mmoja akapaza: tupigie mugithi!
Mwingine akataka rumba, mwingine mechi iwashwe tena.
Akafumba macho, akauanza wimbo wake wa mizani,
mizani ya mnunuzi wa pareto kule Molo
iliyompunja mamake kilo baada ya kilo, maua makavu, mkono mtupu,
na sauti yake ikapasuka katikati
asiizibe, akaiacha wazi tuone ndani.
"Hii ni roki," akaniambia akifunga waya.
Nikamwambia kwangu ni saketi mbovu.
Sikuupenda. Nasema kweli, sikuupenda.
Ila usiku ule niliota mshale wa mizani
ukitetemeka, ukitetemeka, hausimami.

Spika imechanika, mia nne, hajalipa.
Waya wa gitaa umeliwa na panya, bure.
Fyuzi. Fyuzi. Fyuzi
(wiki ile umeme wa Kaptembwo ulikuwa na wazimu wake).

Kisha redio moja ya Nairobi ikaucheza saa nane za usiku,
saa ya walinzi na ya wenye watoto wagonjwa.
Barasa, bawabu wa benki, alinijia asubuhi:
alikuwa amejikuta amesimama wima, rungu mkononi, hajui kwa nini.

Akaitwa. Akaenda,
na Kibiwott wa ngoma na Ouko wa besi.
Miaka mitatu daftari likakaa bila jina lake.
Habari zilinifikia vipande vipande:
wamerekodi nyimbo tisa;
mkataba una kurasa kumi na saba;
Ouko kauza besi, kanunua friji ya samaki;
produsa kamwambia apunguze ukali, aongeze kiuno,
aimbe mapenzi, mizani nani ataicheza?
Hakumjibu. Alichomoa plagi ukutani,
akakunja waya wake polepole, mzunguko kwa mzunguko.

Alirudi Januari, vumbi hadi kwenye kope,
nywele kazinyoa zote.
Akaiweka mezani. Transista imeungua.
"Walinitengenezea huko," akasema. "Wakauondoa tena."

Transista ile haiundwi siku hizi.
Siku nne nilipekua maiti za redio,
nikaipata ndani ya kipaza sauti
cha mgombea udiwani aliyeanguka na kukisahau kwangu.
Angalau sasa kinasema kweli.

Jumamosi anafundisha watoto gitaa, Section 58.
Mwisho wa mwezi anapiga ukumbi wa zamani karibu na reli,
watu arobaini, labda hamsini, kiingilio mia.
Juzi nilienda. Nilisimama nyuma, kando ya sanduku la fyuzi, mahali pangu.
Alipofika penye mizani akanyamaza,
wakaimba wao, vijana nisiowajua,
ambao hawajawahi kuliona ua la pareto.
Mimi nilikuwa nasikiliza chini ya maneno.
Ulikuwepo.
Hezi hamsini, mkaidi, wangu kidogo.

Baadaye akanisogezea noti, deni lote, elfu mbili na mia moja.
Nikamwambia daftari lililowa mvua, hesabu imefutika.

Halijalowa. Liko kwenye droo, kavu,
na ukurasa wake bado una nafasi.