Jibu kwa Jirani

Wabisha mlango saa moja asubuhi, Musembi,
hata chai hujanywa, na Simiti wako
kajilaza ngazini kama gunia lililolowa.
Waniuliza umpeleke wapi. Mimi,
kwa kuwa jumba zima hapa Tudor lajua
mwaka jana nilizunguka mji
na paka ndani ya kikapu cha sokoni.

Haya, kaa. Mbwa na abaki hapo nje, nina udhu.
Mpe maji. Bakuli la bati, si lile la bluu.

Kuna Nyali, ukishavuka daraja.
Sakafu yang'aa hata nikavua viatu, wakanicheka.
Ukutani, picha za mbwa wa kizungu
wenye meno meupe kuniliko.
Walimpima Shombo: kilo tatu na robo.
Wakamfungulia faili, wakataka jina la ukoo,
nikawapa langu. Shombo Athmani.
Eksirei wanayo, maabara wanayo,
damu hutolewa asubuhi, majibu adhuhuri.
Elfu mbili kumtazama tu. Sindano mbali, dawa mbali.
Na kila nilipouliza swali daktari aliangalia saa,
ya ukutani, si ya mkononi. Ana adabu zake.

Kuna Majengo, duka la dawa za mifugo,
vifaranga wa siku moja walia ndani ya katoni.
Yule Kombo si daktari, hata akivaa koti.
Mkono mwepesi, nakiri:
alimdunga paka, aliyepiga kelele ni mimi.
Mia tatu. Lakini nyuma yangu alikuja mtu na mbuzi,
akachomwa kutoka chupa ile ile.
Nikauliza, dawa gani hiyo?
"Ya homa, mama. Zote ni za homa."
Kwa viroboto nenda kwake, na minyoo.
Zaidi ya hapo, usende.

Halafu kuna Ganjoni,
juu ya duka la vipuri, ngazi zimesimama wima.
Dokta Nyevu. Chumba kimoja, meza ya chuma,
maji ya mfereji Jumanne na Ijumaa.
Kwenye foleni nilikaa baina ya bawabu na mbwa wake
na kijana aliyeficha paka wa jaa ndani ya mkoba wa shule.
Aliingia yule kijana kwanza. Hakulipa, nilimwona.

Alimnusa Shombo mdomo. Alimnusa, Musembi,
kama unusavyo maziwa ukiyashuku.
Akachukua karatasi akaandika bei zote
kabla hajamgusa tena.
"Nadhani ni figo. Kudhani si kujua, na mashine sina.
Rudi Nyali wakampime damu, uniletee majibu."
Nikarudi Nyali. Ndiyo, nililipa mara mbili,
na ile saa ya ukutani ikaangaliwa tena.

Ilikuwa figo.
Siku kumi na moja akanifundisha kumtia maji chini ya ngozi,
uinue ngozi ya shingo kama mshonaji ainuavyo pindo,
sindano ilale, usitetemeke.
Nilitetemeka. Hakunigombeza.
Alinitoza mfuko wa maji, basi.

Alhamisi, kabla ya alasiri, akafa. Mezani pale.
Dada yangu hadi leo asema:
Nyali hakufa, Majengo hakufa, Ganjoni ndiko alikofia.
Na hesabu yake ni sahihi.
Mimi nakutuma Ganjoni.

Usimpe chakula kabla. Mfunge mdomo kwa kitambaa,
si kwa ubaya, mgonjwa huuma hata ampendaye.
Tuktuk watakukatalia mbwa; mwambie utalipa viti vyote.
Ukiambiwa upande Nyali ukapime, panda, usinung'unike.
Shika leso hii, kikapu hatakienea.

Ala! Si nilikwambia la bati?
Hilo lilikuwa...
Basi, mwache anywe. Mwache amalize.
Nitaliosha mara saba, moja kwa mchanga.
Nenda, kabla foleni haijafika ngazini.