Kioo cha Upande wa Kushoto

Jana usiku nilimpigia simu shangazi Ghaniya:
kesho vaa nyeusi.
Nguo ya njano, nyeupe, yoyote yenye kung'aa,
hujibandika kwenye kioo
ikaingia pichani kama mgeni asiyealikwa.
Akacheka. "Miaka hamsini mie Maskati,
nyeusi nitaikosa wapi?"

Saa kumi na mbili na robo tulikuwa Sib,
kabla joto halijainua vumbi
na kuipaka milima chokaa.
Rubani Yakdhani, kijana wa Sur, kidole kimoja na plasta,
alituonesha mkanda, mlango, mfuko wa kutapikia.
Nikavua kofia ya lenzi upepo usije ukaivua wenyewe,
nikajizungushia kamba ya kamera mara mbili kiganjani.
Kasi niliiweka juu kabisa,
maana mapanga yakianza kuzunguka hata meno hutetemeka,
na picha iliyotikisika haina dawa.
Lenzi usiiegemeze kwenye kioo.
Karibu, lakini usiguse.
Mara ngapi nimelisema hilo kwa watalii,
na leo nalisema mwenyewe, midomo ikicheza.

Tukanyanyuka.
Mabela ikawa trei la mayai,
paa jeupe, paa jeupe, paa jeupe,
na masikioni mwangu sauti ya shangazi:
"Wee! Kwangu kule! Lile tangi la buluu!
Na shuka sijaianua!"
Nikageuza kamera. Tangi lilikwisha pita.
Huku juu hakuna ngoja kidogo.
Unapiga kinachokuja,
kinachokwenda unakiaga.

Kisha majabali, ghafla,
mkunjo juu ya mkunjo, rangi ya chai iliyochacha,
na jua bado la ubavuni
kila ufa ukaonesha kina chake.
Kivuli chetu kilipanda mwamba
kama mbu ukutani.
Nilipiga. Nilipiga tena.
Sikuona shangazi alipofungua mkoba,
baridi imemshika magoti,
akatoa kanga.

Bilad Sayt ilitokea chini kama kitu kilichoanguka mfukoni mwa mtu:
kiganja cha mitende, nyumba zimeshikana mabega,
mfereji mwembamba kama uzi wa kutungia shanga.
Yakdhani akalaza helikopta kushoto, kwa ajili yangu,
sekunde kumi, labda kumi na mbili.
Picha ishirini na tatu.
Nikashusha kamera nikiwa na furaha ya mwizi.

Usiku nimezifungua.
Zote ishirini na tatu zina kanga.
Njano imelala juu ya mitende,
pindo jekundu limekata msikiti katikati,
na mlimani, kubwa kuliko nyumba,
herufi zinatembea kinyumenyume:
AAKUK AJUKIS.

Nimefuta ishirini na mbili.
Hii moja kidole kimekataa.
Nikiigeuza, maneno yananyooka:
SIKUJA KUKAA.
Lakini hapo mitende inahamia ng'ambo ya pili,
mfereji unaingia kijijini kwa mlango usio wake,
na mtu wa pale angeuliza, huku ni wapi?
Nikiirudisha, kijiji kinakaa mahali pake
na shangazi hasomeki.

Nimeigeuza hivi, nimeigeuza vile, hadi kahawa imepoa.
Simu ikalia. Ni yeye.
"Picha umetoa? Nitumie moja nimuoneshe Zamzam."
Nikamuuliza, ipi, shangazi?
"Ile yenye tangi langu."